Adui wa hadithi hageuzwi kwa hotuba

Kati ya miswada ninayoletewa na waandishi chipukizi, inayonipa kazi kubwa ni ile ambayo adui anashindwa kwa maneno. Mwandishi amechoshwa na hadithi za mapanga na bastola, anataka ukatili ukomeshwe kwa wema, nami namuunga mkono kwa moyo wote, maana hadithi ninazozipenda kuliko zote ni za namna hiyo. Taabu huanzia kurasa za mwisho. Adui aliyechoma nyumba za watu na kudhulumu mayatima anahutubiwa na stelingi kwa aya mbili zilizojaa upendo na amani, machozi yanamlengalenga, anapiga magoti, kwisha. Msomaji anaona amedanganywa, na ana haki.

Wazo lenyewe halina kasoro. Maneno yanaweza kumzuia muuaji, na mfano mkubwa kuliko yote tunao tangu zamani, katika Alfu Lela Ulela. Naomba tuurudie polepole, kwa sababu wengi tunaukumbuka nusu.

Mfalme Shahriyar alisalitiwa na mkewe, akaazimia kuoa binti mpya kila usiku na kumuua asubuhi. Shahrazad, binti wa waziri wake, akajitolea kuolewa. Hapo watu husema alimtuliza mfalme kwa hadithi tamutamu. Sasa tazama hadithi ya kwanza aliyoichagua. Mfanyabiashara amepumzika njiani anakula tende, anatupa kokwa, kokwa inampata mtoto wa jini na kumuua. Jini anamtokea na upanga mkononi, anadai damu kwa damu. Wanapita wazee watatu, mmoja na paa, wa pili na mbwa weusi wawili, wa tatu na nyumbu, na kila mmoja anamwomba jini: nikikusimulia kisa cha ajabu, utanipa theluthi ya damu ya mtu huyu? Jini anakubali. Visa vitatu, theluthi tatu, na mfanyabiashara anarudi kwake salama.

Mwanamke anayengoja kuuawa alfajiri anamsimulia mwenye kutaka kumuua kisa cha mtu aliyekombolewa kwa visa! Hamwambii mfalme kwamba kuua ni dhambi, maana hilo mfalme analijua. Anamwekea mbele yake muuaji mwingine, tena mwenye hasira ya haki, kwa kuwa mwanawe amekufa kweli, halafu anamwonyesha kwamba hata huyo alikaa kitako akasikiliza na heshima yake haikupungua hata chembe. Mfalme anapewa njia ya kutokea bila kuambiwa kwamba yumo mtegoni. Nikisoma mswada ambamo stelingi anamwambia adui "wewe ni mtu mbaya lakini unaweza kubadilika", huwa namrudisha mwandishi kwenye usiku huo. Hakuna mtu mwenye nguvu na silaha anayekubali kuitwa mbaya mbele ya watu kisha akalainika.

Muda mfupi baada ya hapo Shahrazad anasimulia kisa cha mvuvi. Wavu wake unanasa chupa ya shaba iliyopigwa muhuri wa Nabii Suleiman, anaifungua, anatoka jini na kumwambia achague afe kifo gani. Mvuvi anauliza kosa lake. Jini anajieleza: alipofungiwa baharini, mwanzoni aliapa kwamba atakayemfungulia atamtajirisha. Karne zikapita, hakuja mtu. Akaongeza ahadi, akangoja tena, hakuja mtu. Mwisho akaapa kwamba atakayemtoa atamuua. Mimi kila nikifika hapo namhurumia jini, na naamini mtunzi alikusudia hivyo. Chuki yake ina tarehe ya kuzaliwa. Ilikuwa tumaini kabla haijawa chuki.

Huo ndio ushauri wangu wa kwanza, na ukichukua mmoja tu, chukua huu: kabla hujaandika neno litakalomgeuza adui wako, jua chuki yake ilizaliwa lini na kabla ya hapo ilikuwa nini. Si lazima msomaji aambiwe yote. Wewe mwandishi lazima ujue, kwa sababu neno litakalompata ni lile tu linalogusa hapo.

Tena mtazame mvuvi mwenyewe. Hakuanza kwa wema. Alianza kwa akili, akamwambia jini haamini kwamba mwili mkubwa vile ulienea ndani ya chupa, jini akarudi ndani kumthibitishia, mvuvi akashindilia kifuniko. Kisha ndipo akamsimulia kisa cha mfalme Yunan, aliyeponywa ukoma na tabibu Duban halafu akamuua tabibu huyo huyo. Baada ya kisa, na baada ya kiapo, ndipo akamfungulia tena. Jini akatimiza ahadi, akamwonyesha ziwa lenye samaki wa rangi nne. Waandishi wengi hufikiri wema katika hadithi unadai stelingi awe mjinga, asimame kifua wazi mbele ya kisu. Mvuvi alifunga kifuniko kwanza, na wema wake ni wema vilevile.

Jambo la pili ni gharama. Nenda kwa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, kitabu cha 24 cha Iliad, utenzi wake wa vita vya Wagiriki na mji wa Troy. Achilles, shujaa wa Wagiriki, amemuua Hector wa Troy na kila siku anaiburuta maiti yake kulizunguka kaburi la rafiki yake Patroclus. Kwa watu wa Troy hakuna adui mbaya kuliko yeye. Mzee Priam, baba wa Hector, mfalme, anaingia usiku kambini kwa maadui, anashika magoti ya Achilles na kuibusu mikono iliyowaua wanawe. Maneno yake ya kwanza hayahusu Hector. Anasema: mkumbuke baba yako, mzee kama mimi. Achilles ana baba mzee nchi ya mbali, na anajua hatarudi kumwona. Wanalia wote wawili, kila mmoja na msiba wake.

Kinachonifanya niamini tukio hilo ni kwamba dakika chache baadaye Achilles anakaribia kukasirika tena. Priam anaharakisha apewe maiti, na Achilles anamwonya asimchokoze asije akamdhuru humo humo hemani. Bado ni yule yule. Anaitoa maiti, anauliza zinahitajika siku ngapi za mazishi, wanakubaliana, na siku ya 12 vita iendelee. Wema wa Priam ulinunua siku 11. Haukumaliza vita, na Achilles hakuwa mtakatifu. Mwandishi anayetaka adui ageuke moja kwa moja, tena mbele ya kijiji kizima, ajiulize kama siku 11 hazingetosha kwa hadithi yake. Mara nyingi zinatosha, na zinaumiza zaidi.

Kwa ruhusa ya mwenyewe nitaeleza mswada mmoja tulioufanyia kazi pamoja. Mwandishi ni binti mwenye kipaji cha kuandika mazungumzo. Adui wake alikuwa mama wa kambo: anamnyima chakula binti wa mumewe, anamsingizia wizi, na siku moja anachoma madaftari yake yote uani. Mwishoni binti anamwambia, "Mama, pamoja na yote nakupenda," naye mama anaangua kilio na kuomba msamaha. Nikamuuliza mwandishi: huyu mama anaogopa nini? Alinyamaza, akasema hajawahi kulifikiria.

Tukakaa nalo. Jibu likatoka ndani ya mswada wenyewe, maana alikuwa ameliandika bila kujua. Mume yuko safarini wakati wote. Wifi zake wanakuja Jumapili na hawakosi kumtaja marehemu, mama mzazi wa binti: alikuwa mkarimu, alikuwa na mkono wa kupika. Madaftari yale yalikuwa na majalada ya kitambaa yaliyoshonwa na marehemu. Kumbe mama wa kambo hakuchoma masomo ya mtoto, alichoma mkono wa mwanamke ambaye kila Jumapili anafufuliwa sebuleni kwake.

Rasimu mpya ilipokuja, hotuba ilikuwa imefutwa. Mama anakaanga maandazi ya kuuza alfajiri. Binti anaanza kuamka kabla yake na kuwasha jiko, hasemi kitu, na mama anaona ni hila. Inapita miezi. Jumapili moja shangazi anaonja andazi mbele ya wageni na kusema ya marehemu yalikuwa laini kuliko haya. Binti anajibu, "Shangazi, haya ndiyo yanayonilipia ada." Basi. Hakumwambia mama wa kambo neno lolote, alimwambia shangazi yake wa damu, mbele za watu, jambo ambalo mtoto wa heshima halisemi kirahisi, na lilimgharimu upande wa pekee uliokuwa ukimtetea. Mama wa kambo halii. Anaingia jikoni. Usiku, kwa mara ya kwanza tangu hadithi ianze, anamuuliza, "Umekula?"

Nilipofika hapo nilipiga simu usiku ule ule kumpongeza.

Kuhusu muda, nina mfano ninaoutoa kila mara. Katika Les Misérables, riwaya ya Mfaransa Victor Hugo iliyotoka 1862, Jean Valjean ametoka kifungoni baada ya miaka 19, mitano kwa kuiba mkate, iliyobaki kwa kujaribu kutoroka. Askofu Myriel anampa mahali pa kulala, naye anaiba vyombo vya fedha vya askofu. Polisi wanamkamata na kumrudisha. Askofu anasema vyombo nimempa mwenyewe, halafu anamgeukia: mbona umesahau vinara vya mishumaa? Wanaosimulia kisa hiki kwa mdomo wengi huishia kwenye vinara, wanafuta machozi. Hugo hakuishia hapo. Muda mfupi baadaye Valjean yupo njiani na mzigo wake wa fedha, anapita mtoto maskini, Petit Gervais, sarafu yake inaanguka, na Valjean anaikanyaga kwa mguu na kumfukuza mtoto. Anamwibia mtoto baada ya kusamehewa! Mtoto akishakwenda ndipo Valjean anaona alichofanya, anamtafuta akiita jina lake, hampati. Hapo ndipo anapogeuka. Wema wa askofu ulikuwa umeshaingia, lakini tabia ya miaka 19 ilihitaji kuteleza mara moja zaidi ili mwenyewe aione. Mpe adui wako nafasi ya kuteleza baada ya kusamehewa. Ni ukurasa mgumu kuandika na ndio utakaokubeba.

Kitabu hicho kina pia wa kinyume chake. Inspekta Javert anaachiwa uhai na Valjean, yule ambaye yeye Javert amekuwa akimwinda miaka yote, na wema huo unamshinda kuubeba. Maisha yake yote ameyajenga juu ya imani kwamba mhalifu habadiliki. Anajitupa mto Seine. Kwa hiyo usimlazimishe kila adui. Wapo ambao huruma inawavunja, na mwandishi mkweli anaonyesha hilo pia.

Karibu zaidi na nyumbani, wengi tulisoma shuleni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Hasidi na Mwivu wanamtosa ndugu yao baharini kwa wivu, wanageuzwa manyani, na Adili anaamrishwa awachape kila usiku. Anachapa huku moyo unamuuma. Alfu Lela Ulela ina kisa cha mkondo huo huo, ndugu wawili wanageuzwa mbwa, na huko wakishasamehewa na kurudishiwa ubinadamu, wivu unawarudia na wanamgeukia tena ndugu yao wamuue. Shaaban Robert aliwaacha ndugu wa Adili watengenee. Wapo wanaomwona alikuwa mpole mno. Mimi naona alijua anachofanya: Adili ndiye aliyeshika mjeledi, tena usiku baada ya usiku, na hakuwahi kuufurahia. Ndugu walioona hilo kwa macho yao wana sababu ya kubadilika ambayo maneno matupu yasingewapa. Na katika Kusadikika, kitabu chake kingine, Karama anayeshtakiwa na waziri Majivuno anajitetea kwa siku kadhaa kwa visa vya wajumbe waliotangulia, lakini hapotezi muda kumlainisha Majivuno. Mwenye uwezo wa kufungua gereza ni mfalme, na Karama anasema ili mfalme asikie. Kabla hujaandika hotuba, amua inasikiwa na nani.

Limebaki moja linalonikera hata katika hadithi niipendayo. Shahrazad aliokoka, na mabinti waliotangulia? Hawakupewa hata jina. Ukimgeuza adui wako, wahesabu aliowaumiza na uwape watu hao kauli, hata kama kauli yao ni kukataa. Katika mswada wa mama wa kambo alikuwamo mdogo wake yule binti, mtoto wa kiume, aliyesimama uani siku madaftari yanaungua. Mwandishi akaniuliza, "Dada, na huyu naye asamehe?" Nikamwambia amwache. Katika rasimu ya mwisho mama yule ameshakuwa mtu mwingine, anampeleka binti shule mwenyewe, na kijana bado hajampa shikamoo.