Ukishajua lugha moja ya programu, soma kitabu cha The Pragmatic Programmer kabla ya kukimbilia lugha nyingine

Ndugu yangu, umesema Python ya mwanzo umeimaliza, lupu na fankshoni unazijua, na sasa wataka kitabu kimoja tu cha kukusaidia uandike softiweya ya kutumiwa na watu. Mie ntakwambia The Pragmatic Programmer, cha Andrew Hunt na David Thomas, na uchukue toleo la pili la 2019 manake lile la 1999 mifano yake mingi imezeeka. Lugha unayo tayari, kilichobaki ni kujua kuitunza kazi yako isije ikakuangukia.

Kisa changu ni hiki. Nlikuwa nimeliandikia duka moja la hadwea hapa Mombasa programu ya mauzo, risiti, invoisi, ripoti ya mwisho wa siku, na ilikuwa yaenda vizuri tu. 2020 corona ikaingia, serikali ikashusha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia tarehe 1 Aprili. Nikaona hii kazi ya dakika tano, nikatafuta 0.16 kwenye mafaili yote nikaweka 0.14, nikampelekea mwenye duka. Kesho yake simu, ripoti haipatani na risiti! Kitu cha shilingi 1140, risiti yasema VAT ni 140, ripoti yasema 157.24, sasa hesabu hiyo kwa misumari na mabati na rangi za siku nzima.

Nimehangaika nayo mpaka usiku. Mdogo wangu alikuwa jikoni amenya viazi, nikavuta kigoda nikaanza kumweleza, yeye programu hajui hata kidogo, anaitikia tu "ehe". Nikamwambia hapa nachukua bei, hii bei ina VAT ndani, kwa hiyo naigawanya kwa... nikanyamaza hapo hapo. 1.16. Kwenye ripoti nlikuwa nagawanya kwa 1.16, yaani 1 na ile 0.16 juu yake, na ukitafuta 0.16 hiyo huipati ng'o.

Kitabu nlikisoma baada ya hapo, na nlihisi kama kimeandikwa juu ya lile duka. Kumweleza mtu kosa hatua kwa hatua mpaka ulione mwenyewe, waandishi wanasema hata bata wa mpira juu ya meza anatosha, si lazima ajibu. Na lile kosa lenyewe limo pia, kanuni ya kuliepuka wanaiita DRY (Don't Repeat Yourself, yaani usijirudie). Watu wengi wanadhani maana yake ni usikopi na kupesti tu, lakini toleo la pili limefafanua vizuri kwamba kinachokatazwa ni kuweka jambo moja la kujua mahali pawili. Angalia, 0.16 na 1.16 hata hazifanani kwa sura, hakuna kilichokopiwa, ila zote mbili zinasema kiwango cha VAT ni hiki. Hilo lilinifungua macho kuliko kozi zote nlizofanya.

VAT ikarudi 16 tarehe 1 Januari 2021, na safari hii viwango vilikuwa kwenye jedwali moja, kila kiwango na tarehe yake ya kuanza. Tarehe ni muhimu sana usiiache, manake mteja aliyenunua bomba Desemba akilirudisha Januari, VAT yake ni ile ile 14 aliyolipa.

Namna ya kukisoma: usikimalize kwa wikiendi moja. Mada zake ni fupi fupi, soma moja halafu fungua programu yako mwenyewe utafute hilo jambo humo ndani, kama huna programu yako andika kwanza hata ya kuweka hesabu ya chama cha mama yako. Anza na DRY, kisha ile ya kudibagi, yaani kusaka makosa, kisha ya kutunza matoleo ya kazi (Git, programu ya kuyatunza hayo matoleo, jifunze sasa hivi usingoje). Sehemu ya programu kufanya mambo mengi kwa pamoja (concurrency) iruke kwa sasa, mie mwenyewe nliielewa nlipoirudia mwaka wa pili.

Hiyo programu unayoandika sa hizi ni ya nini? Niambie nikuonyeshe pa kuanza kutafuta.