Ukihamisha barua pepe, MX iguswe mwisho

Wadogo zangu, mtu akibadilisha rekodi ya MX (ile ya DNS, daftari la anwani za mtandao, inayoonyesha seva inayopokea barua za domeini) ndipo akumbuke TTL (muda, kwa sekunde, ambao seva nyingine huhifadhi nakala ya rekodi), roho inaniuma, maana kosa hili linaepukika kabisa. TTL ikiwa 86400, seva iliyosoma rekodi yako dakika moja kabla hujaibadilisha inaweza kuendelea kupeleka barua kwa mtoa huduma wa zamani kwa saa 24. Kuishusha hadi 300 saa hiyohiyo hakusaidii, kwani nakala ya zamani imeshahifadhiwa huko nje na muda wake wa zamani, na huna namna ya kuifikia. Ishushe siku mbili kabla, kisha hakiki kwa dig, amri ya kusoma rekodi za DNS.

Pili, fungua masanduku yote upande mpya kwanza, hata zile anwani za info na uhasibu zinazoelekezwa kwingine. Hizo ndizo husahaulika. Seva ikizimika, mtumaji hujaribu tena, na kanuni za SMTP, itifaki ya kutuma barua pepe, zinapendekeza aendelee kwa angalau siku 4 hadi 5. Lakini seva mpya ikijibu 550 kwamba sanduku halipo, barua inarudishwa papo hapo. Kwa hiyo bora kuzimika kuliko kukataa.

Tatu, SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la domeini yako, ni rekodi moja tu kwa domeini. Ukiweka ya pili, zote mbili hazifai. Unganisha watoa huduma wote wawili ndani ya ile moja. DKIM ya zamani, yaani rekodi ya kuthibitisha saini ya barua, iache kwanza.

Imapsync, programu ya kunakili barua kutoka sanduku la zamani hadi jipya, iendeshe mara mbili: kabla ya kubadili MX na baada yake. Wanaotumia POP, njia ya kupakua barua kwenye kompyuta, barua zao huenda ziko kwenye kompyuta tu, kwa hiyo waulize mapema.

Sasa mtego wenyewe. Tovuti ikibaki kwenye seva ya zamani, fomu yake ya mawasiliano hutuma kwa info@, na seva ile bado inaamini domeini ni yake. Haiulizi DNS, inatumbukiza barua kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu, wala hakuna ujumbe wa kosa utakaouona. Wateja wanaandika, ofisi iko kimya. Kwenye cPanel, paneli ya kusimamia seva ya tovuti, nenda Email Routing uchague Remote Mail Exchanger (yaani barua hupokelewa na seva nyingine), halafu ujaze ile fomu mwenyewe uone barua inakofikia.

Akaunti ya zamani usiifunge mpaka ipite wiki nzima bila barua mpya kuingia humo. Na skana ya ofisini inayotuma nakala kwa barua pepe ina nenosiri la zamani; ibadilishie.