Jibu kwa uliyeuliza kuhusu mapitio ya kimfumo: hesabu vijiji, usihesabu watoto

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasoma uzamili wa afya ya jamii hapa Dodoma, hela ya kuzunguka vijijini huna, msimamizi kakushauri ufanye mapitio ya kimfumo, yaani kutafuta tafiti zote zilizokwishafanywa na kuunganisha matokeo yake, kuhusu kunawa uso na ugonjwa wa vikope, yaani trakoma. Unauliza utumie programu gani, na kama utaweza kumaliza peke yako ndani ya miezi mitatu. Programu: Rayyan inatosha kwa kuchuja makala, na lahajedwali ya kawaida inatosha kwa mengine. Kuhusu peke yako, jibu ni hapana. Hapo ndipo nitakaa kidogo, maana mimi nilijaribu.

Mapitio yangu ya kwanza niliyafanya nikiwa nimepanga chumba Ng'ong'ona. Mada ilikuwa elimu ya kunawa mikono na kuhara kwa watoto. Nilitafuta makala mwenyewe, nikachuja mwenyewe, nikanakili takwimu mwenyewe usiku usiku, nikachora mchoro wa matokeo ya pamoja. Ulipendeza kweli. Nikapeleka kwenye jarida. Mhakiki akarudisha na maoni mengi, lakini moja lilininyima usingizi: "Kilichopigiwa kura ni vijiji. Mbona umehesabu watoto?"

Sikumwelewa mpaka nilipokaa na dada mmoja mtakwimu, akachukua karatasi na kuchora maduara sita. Akaniambia tuchukue jaribio la hapa hapa kwetu, la Kongwa, lililochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1995. Bila shaka utakutana nalo kwenye kazi yako. Vijiji vyote sita vilipewa dawa ya macho ya tetrasaiklini, kisha vitatu vikachaguliwa kwa kura vipate pia kampeni kali ya kuwanawisha watoto nyuso. Watoto 1,417 wa kati ya mwaka 1 na miaka 7 wakafuatiliwa. Baada ya mwaka, vikope vikali vilikuwa vichache zaidi kwenye vijiji vya kampeni.

Sasa ukisoma "watoto 1,417" unaona ni utafiti mkubwa. Lakini fikiria kijiji kilivyo. Maji wanachota sehemu moja, watoto wanalala kitanda kimoja na wadogo zao, kitenge kilichomfuta huyu machozi ndicho kitakachomfuta na yule, nzi ni wale wale. Macho ya mmoja yakiugua, ya jirani yake hayako mbali. Kwa hiyo mtoto wa 200 wa kijiji kile hakupi habari mpya sawa na aliyokupa wa kwanza.

Hesabu yenyewe ni fupi. Gawanya 1,417 kwa vijiji sita, unapata watoto kama 236 kwa kijiji. Toa mmoja, wanabaki 235. Zidisha kwa kipimo cha kufanana kwa watu wa kijiji kimoja. Tuseme ni 0.05, namba niliyoiweka mimi kwa mfano tu, haikutoka kwenye utafiti ule. Unapata 11.75. Ongeza 1, inakuwa 12.75. Gawa 1,417 kwa hiyo 12.75 na unabaki na watoto 111. Yule dada aliizungushia duara ile 111, akanisogezea karatasi bila kusema neno. Mimi nilikuwa nimeingiza vijiji vizima kwenye mchoro wangu kana kwamba kila mtoto alipigiwa kura yake. Tafiti za namna hiyo zikapata uzito usio wao, zikaburuta jibu lote upande wao.

Na kwenye mada yako kosa hilo lina gharama zaidi. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kufanya mapitio ya afya, kuhusu kuhamasisha kunawa uso dhidi ya trakoma yalipata majaribio mawili tu ya kuingiza, hilo la Kongwa na jingine la Australia. Mawili, mkuu! Ukiwa na tafiti hamsini, namba moja iliyonakiliwa vibaya inaweza kumezwa na nyingine. Ukiwa na mbili, hakuna pa kujificha.

Kosa la pili nililokutana nalo ni kuhesabu makala badala ya majaribio. Kwenye ile kazi yangu nilikuwa na makala mbili, mwandishi wa kwanza tofauti, mwaka tofauti, jarida tofauti. Nikaziingiza kama tafiti mbili. Mwenzangu wa baadaye ndiye aliyegundua kwamba idadi ya kaya ilikuwa ile ile hadi tarakimu ya mwisho, na miezi ya kukusanya taarifa ni ile ile. Kaya zile nilikuwa nimezihesabu mara mbili. Wala haina maana kwamba waandishi walidanganya. Jaribio kubwa huzaa makala nyingi. Lile la FEAST la Kenya, Uganda na Tanzania, lililowaingiza watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko mbaya wa damu, lilitoa matokeo makuu mwaka 2011: waliomiminiwa maji mengi ya mishipa kwa haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48, takriban asilimia 10.5 dhidi ya 7.3 ya wasiomiminiwa. Mwaka 2013 ikaja makala nyingine ya kuchambua vifo vile vilitokeaje. Makala mbili, watoto wale wale. Kwa hiyo kwenye lahajedwali yako, mstari mmoja uwe wa jaribio moja, makala zake zote zikae chini yake.

La tatu nitapita haraka: kuchanganya mchepuko sanifu (watu wanavyotofautiana wao kwa wao) na kosa sanifu (wastani wao unavyoweza kuyumba). Waandishi wengi wanaandika alama ya kujumlisha na kutoa bila kusema ni kipi. Kwa kundi la watu 100, kosa sanifu ni sehemu moja ya kumi ya mchepuko. Ukilinakili kama mchepuko, utafiti ule unapata uzito mara 100 ya haki yake. Kama makala haisemi, mwandikie mwandishi. Mimi nimeshajibiwa na watu ambao sikutegemea kabisa.

Ndiyo maana nakwambia tafuta mwenzako. Na si wa kukusaidia kugawana makala nusu kwa nusu, hapana. Makala ile ile, watu wawili, kila mtu na lahajedwali yake, bila kuchunguliana, kisha mnakutana kulinganisha, na wa tatu anaamua mkishindwa kuelewana. Kazi yangu ya pili tuliifanya hivyo, tukikutana kila Jumamosi Area C, chai na chapati mezani. Jumamosi ya kwanza tulilinganisha makala tano tu na tukatofautiana karibu kila moja. Yeye aliandika waliopangiwa mwanzoni, mimi nikaandika waliobaki mwishoni. Hakuna aliyekosea kusoma. Fomu yetu ndiyo haikusema tunataka kipi. Tukaiandika upya jioni ile ile. Kazi nzima ilichukua miezi 11, na sijutii hata mmoja.

Kabla ya yote andika itifaki, yaani mpango wa kazi nzima, na uisajili PROSPERO, daftari la mtandaoni la mapitio, huku hujanakili takwimu yoyote. Kutafuta makala, usiishie kwenye hifadhidata ya PubMed: pitia African Index Medicus na African Journals Online, uliza maktaba ya chuo kama wana Hinari, mpango wa WHO wa kufungulia nchi kama yetu majarida ya kulipia, na zungukia tasnifu zilizoko rafuni. Kuna kazi za vijiji vyetu ambazo hazijawahi kutoka humo.

Miezi mitatu iombe iongezwe mapema, kabla hujabanwa. Msimamizi akisema "si kusoma makala tu", mwoneshe ile hesabu ya 111. Ukishatengeneza fomu ya kunakilia takwimu, iweke hapa kwenye uzi kabla hujaitumia. Nitaijaribu mwenyewe kwa makala ile ya Kongwa, nawe uijaribu kwa makala hiyo hiyo, tuone tutatofautiana wapi.