Babu Yako na Dakika za Safari Rally

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza iweje babu yako, ambaye hakuwahi kumiliki gari wala kushika leseni ya udereva, awe mtu wa Safari Rally, mashindano ya magari ya hapa Kenya, kiasi cha kutuambukiza nyumba nzima. Tena ukauliza kama inafaa umpeleke mwanao Naivasha kuyatazama. Hilo la pili ni jepesi, nitalijibu mwishoni. La kwanza lataka nafasi.

Babu yako alikuwa karani wa stesheni pale Voi. Kazi yake ilikuwa kuandika saa: treni imeingia saa ngapi, imetoka saa ngapi, imechelewa dakika ngapi na kwa sababu gani. Watu hudhani mashindano ya magari ni kasi tu, lakini Safari ya enzi zile ilikuwa hesabu ya dakika. Gari lilitoka Nairobi na kadi ya muda. Njiani kulikuwa na vituo, na kila kituo kilikuwa na saa yake ya kufikiwa. Ukichelewa, dakika zako zinaandikwa kuwa alama za adhabu. Baada ya kilomita kama 5,000 za usiku na mchana, kwenye barabara ambazo hazikufungwa, ambako basi, lori na ng'ombe walikuwa na haki ya kupita sawa na wewe, aliyepoteza alama chache kuliko wenzake ndiye aliyeshinda. Mpe karani wa reli mchezo wa namna hiyo, halafu uniulize kwa nini aliupenda!

Ndiyo maana alikuwa na daftari. Kila Pasaka alilichora mistari kwa rula: nambari ya gari, dereva, mwelekezi, alama zilizopotea. Sauti ya Kenya ilipotangaza matokeo ya kituo, mjomba wako aliongeza sauti ya redio, mimi nikarudia nambari kwa sauti, na baba yangu, huyo babu yako, akaandika. Hakuna aliyeruhusiwa kuzungumza hadi mtangazaji amalize. Baada ya hapo, kila mtu alikuwa na la kusema, na baba, mtu wa maneno machache mwaka mzima, ndiye aliyesema zaidi. Nadhani hilo ndilo nililolipenda kabla sijayapenda magari yenyewe.

Hadithi yake kubwa ilikuwa ya mwaka 1973. Mwaka huo Shekhar Mehta wa Datsun 240Z na Harry Källström wa Sweden, naye akiwa katika Datsun, walimaliza wakiwa na alama sawasawa. Maelfu ya kilomita, na hakuna dakika ya kuwatenganisha! Ikabidi waamuzi waangalie ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuanza kuadhibiwa, na huyo alikuwa Mehta. Baba alilisimulia jambo hili kwa furaha ileile hadi uzeeni. Kwake ulikuwa ushahidi kwamba dakika ya asubuhi ya kwanza ina uzito sawa na ya jioni ya mwisho. Mehta alizaliwa Uganda, na mwaka mmoja tu kabla ya ushindi ule Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia nchini humo. Akaja Kenya, akashinda, kisha akashinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Hakuna aliyemfikia kwa mataji ya Safari mpaka leo.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili hakulisema waziwazi, mimi nimeliona nilipokuwa mtu mzima. Siku nyingine zote barabara zetu zilikuwa aibu. Wageni walizilalamikia, sisi wenyewe tulizilalamikia: tope mvua ikinyesha, vumbi jua likiwaka, madaraja yaliyosombwa. Lakini Pasaka ikifika, barabara hizohizo zilikuwa hakimu wa dunia. Makampuni ya Ulaya na Japani yalileta magari yao bora na mafundi tele, na barabara ikawarudisha nyumbani wamebebwa. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena. Tangu mashindano yaanze mwaka 1953, yakiitwa wakati huo Coronation Safari kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth, hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeyashinda hadi Hannu Mikkola wa Finland mwaka 1972. Karibu miaka ishirini! Kwa mtu aliyekulia chini ya ukoloni, kuona ujuzi wa wenyeji ukiishinda pesa ya kiwanda lilikuwa jambo la kumnyoosha mgongo.

Ndipo utaelewa kwa nini Joginder Singh alikuwa wake. Tulimwita Simba. Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na baba aliamini kwamba huo ndio uliokuwa ushindi wake: alilisikia gari likiumwa kabla halijalala. Mwaka 1965 alishinda akiwa na mdogo wake Jaswant katika Volvo ambayo tayari ilikuwa imekwisha kutumika kwenye mashindano. Mwaka 1974, katika mvua ambayo watu wa Taita wa umri wangu bado wanaikumbuka, aliiendesha Mitsubishi Lancer ndogo ya cc 1600 na kumwacha Björn Waldegård aliyekuwa na Porsche. Siku ile baba alicheka peke yake uani. Mwaka 1976 Simba akarudia.

Sasa tazama jinsi babu yako alivyokuwa. Ukimtajia Joginder, alikujibu: "Na David Doig." Ukimtajia Mehta wa mwaka 1973, alikujibu: "Na Lofty Drews." Wa mataji manne, Mike Doughty. Mikkola, Gunnar Palm. Wale ni waelekezi, watu wa kiti cha pembeni, wenye ramani, kadi na saa. Baba aliona dunia nzima inampigia makofi aliyeshika usukani na kumsahau aliyehakikisha gari linafika kituoni kwa wakati. Alimwona mwenzake pale. Mimi hapo ndipo ninapoweka jibu lako: hakulihitaji gari, kwa sababu ndani ya gari tayari palikuwa na mtu mwenye kazi yake.

Bibi yako naye alikuwa na upande wake, usidhani alikuwa mpishi wa wapenzi wa magari tu. Yeye alikuwa mtu wa Peugeot. Sababu yake ilikuwa nzuri kuliko zetu zote: Peugeot ndizo zilizombeba yeye na mizigo yake kwenda milimani Wundanyi na kurudi. Ove Andersson aliposhinda na 504 mwaka 1975, bibi alitangaza kwa majirani kwamba gari letu limeshinda.

Magari yalipopita upande wetu, baba alitupeleka kuyaona, mara nyingi usiku. Ulianza kuona taa zikishuka mlimani, zinapotea kwenye kona, zinatokea tena chini zaidi. Baadaye mlio. Halafu gari lenyewe, limefunikwa tope, chuma kikubwa mbele cha kujikinga na wanyama, na kwa kufumba na kufumbua limepita. Baba hakulitazama gari sana. Alitazama saa yake ya mkononi.

Baada ya 2002, mwaka Colin McRae alipopata ushindi wake wa tatu, Safari iliondolewa kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia. Mashindano yaliendelea hapa nyumbani, na baba aliendelea kuchora mistari yake, lakini redio haikuyapa tena nafasi ileile. Yaliporudishwa mwaka 2021 alikuwa ameshatutoka. Sébastien Ogier aliposhinda, na Mjapani Takamoto Katsuta akawa wa pili, nilimpigia mjomba wako simu na hatukuweza kuzungumza. Tuliisikiliza redio tu, kila mtu upande wake. Mwaka 2024 walipoirudisha wikendi ya Pasaka nililia, na sioni haya kukwambia.

Safari ya leo ni nyingine. Barabara zinafungwa, muda unahesabiwa hadi sehemu ya kumi ya sekunde, na kilomita za kushindana ni mia tatu na kitu badala ya maelfu. Mimi naipenda ile ya zamani zaidi, siwezi kukuficha. Hata hivyo vumbi laini kama unga la Naivasha na mvua ya ghafla ya Bonde la Ufa bado vinawatoa jasho mabingwa, na ningependa mjukuu wangu avione.

Basi mpeleke. Fikeni alfajiri. Msisimame upande wa nje wa kona hata kama watu wamejaa huko, maana gari likishindwa kona huenda huko. Tafuteni mahali pa juu, upepo ukiwapiga mgongoni ili vumbi liende upande wa pili. Mtoto ashikwe mkono muda wote, na askari au msimamizi akisema rudini nyuma, rudini. Mjomba wako na mimi tutakuja, tuwekeeni nafasi ndani ya gari.

Na kabla ya siku hiyo mfundishe majina, yote mawili ya kila gari. Elfyn Evans na Scott Martin. Kalle Rovanperä na Jonne Halttunen, walioshinda 2022 na 2024. Ogier na Vincent Landais wa 2023. Nitamuuliza njiani, nami nitaanza na wa kiti cha pembeni.

Mama yako