Uliza Tukujibu: Wahusika wadogo walitoka wapi?

Nimemtungia Grace Poole, mtumishi katika riwaya Jane Eyre ya Charlotte Brontë, maisha ya kabla ya riwaya, lakini wenzangu wanasema niliyemwandika si Grace, ni mtu mwingine niliyempa jina lake. Nilipaswa kuanzia wapi?

Rudi kwenye riwaya kwanza. Nakili kila mahali Grace anapotajwa, na kando ya kila habari andika ni nani anayeisema. Wengi huiruka hatua hiyo ya pili, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Kwamba ana nywele nyekundu na uso mkavu, Jane, msimulizi wa riwaya, ameyaona kwa macho yake. Lakini kwamba Grace ndiye anayecheka ghorofa ya tatu, na ndiye aliyetia moto kitanda cha Rochester, bwana wa jumba la Thornfield, hiyo ni dhana ya Jane tu, na baadaye tunajua aliyefanya hayo ni Bertha, mke wa Rochester mwenye wazimu, aliyefungiwa huko juu chini ya ulinzi wa Grace.

Ukishatenga dhana, angalia kilichobaki. Leah, mtumishi wa nyumba, anasema mshahara wake haufiki hata moja ya tano ya ule wa Grace. Kila miezi mitatu Grace huenda benki ya Millcote kuweka akiba. Watumishi wanakisia kwamba angeweza kuacha kazi akajitegemea, na kwamba hajatimiza miaka 40. Rochester naye anasema alimtoa Grimsby Retreat, wanakotunzwa wagonjwa wa akili, na kwamba mwanawe ni mlinzi huko huko. Bertha amefungiwa Thornfield miaka 10.

Sasa piga hesabu. Tuseme Grace ana miaka 39, na alikuwapo tangu mwanzo: basi alifika akiwa na 29. Kijana anayeaminiwa kuwazuia wagonjwa wakali tumkadirie miaka 18. Basi Grace alimzaa akiwa na 21, na alipohamia Thornfield alimwacha mtoto wa miaka 8. Alimwacha kwa nani? Riwaya imenyamaza, na hilo ndilo pengo lako. Ila jibu utakalotoa ni lazima lituangazie Grace tunayemwona kitabuni: mwenye akiba ya kumtosha kuondoka lakini haondoki, na ambaye akishakunywa pombe yake aina ya jini husinzia mpaka Bertha anamchomolea funguo mfukoni.

Niandike kiasi gani?

Maneno 600 hadi 1,000 yanatosha: siku moja, mahali pamoja. Siku ya kuagana na mtoto ni bora kuliko miaka 20 ya wasifu, kwa sababu wasifu hukulazimisha ueleze kila kitu, na mhusika aliyeelezwa kila kitu hupungua uzito anaporudi ndani ya riwaya.

Jihadhari na msiba mmoja mkubwa unaoeleza tabia yote. Wengi humfanya Grace awe mlevi kwa sababu ya mapenzi yaliyovunjika. Rochester mwenyewe anasema udhaifu huo huletwa na kazi yenyewe inayochosha. Hebu fikiria: miaka 10 chumba kimoja na mtu anayeweza kukuuma au kukuchoma kisu. Kazi hiyo iandike kwa undani, na ulevi utaeleweka bila mapenzi. Usimfanye hawara wa zamani wa Rochester pia. Jane aliwahi kulishuku hilo akalitupa mwenyewe.

Na mhusika asiye hata na jina? Nawaza yule binti aliyetolewa na Mbaino katika Things Fall Apart.

Umechagua vizuri sana. Katika riwaya hiyo ya Chinua Achebe ya mwaka 1958 (kwa Kiswahili Shujaa Okonkwo), binti huyo anatolewa pamoja na kijana Ikemefuna kuwa fidia ya mwanamke wa jamii jirani ya Umuofia aliyeuawa huko Mbaino, kisha anapelekwa kwa Ogbuefi Udo achukue nafasi ya mkewe huyo. Ikemefuna hakumjua, wala hakumwona tena. Kwa hiyo ukiwafanya ndugu au marafiki wa utotoni, hadithi yako imekwisha kuvunjika.

Baba yake Ikemefuna alishiriki mauaji yale. Hiyo ndiyo sababu ya kijana kutolewa. Ya binti hatuambiwi. Je, ni mtoto wa muuaji mwingine? Ni yatima asiye na wa kumtetea? Chagua sababu moja, kisha andika walichoongea wakubwa nyumbani kwao usiku ule na ni kiasi gani yeye alikisikia. Kosa la kawaida hapa ni kumpa ujuzi wa msomaji. Hajui kwamba Ikemefuna atauawa, wala kwamba wazungu wanakuja.

Naweza kuchapisha?

Mkataba wa Berne, wa kimataifa kuhusu hakimiliki, unalinda kazi kwa angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufa, na nchi nyingi huhesabu 70. Charlotte Brontë alifariki 1855, kwa hiyo Grace ni huru. Achebe alifariki 2013: binti wa Mbaino mwandike kwa mazoezi, lakini omba ruhusa kabla ya kuchapisha. Tafsiri nayo ina haki yake, hivyo usinakili sentensi za tafsiri mpya ya kitabu cha kale. Na ukimgusa Bertha, chukua ya Brontë pekee. Jina Antoinette Cosway na maisha yake ya utotoni ni ubunifu wa Jean Rhys katika riwaya yake Wide Sargasso Sea ya 1966, na Rhys alifariki 1979.