Mama amefariki, sikulia, na mke wangu anasema nimekuwa jiwe

*Shikamoo Shangazi. Tangu mwaka jana nasoma mafundisho ya Kidao, falsafa ya kale ya China, kuhusu kutotenda na kutong'ang'ania kitu, na yamenipa utulivu mkubwa. Mama alifariki mwezi Machi. Msibani sikulia. Dada zangu wananipigia simu kuhusu nyumba aliyoiacha, nawaambia mambo yatajipanga yenyewe. Mke wangu anasema anaishi na jiwe. Hawanielewi, au nimepotea? – Msomaji, Morogoro.*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Barua yako nimeisoma mara mbili nikimtafuta mama. Nyumba ipo, dada zako wapo, mkeo yupo. Yeye mwenyewe hukumwandikia hata sentensi moja.

Mafundisho hayo nami nayapenda, ndiyo maana inaniuma yakitumika kufungia watu mlango. Mtazame Zhuangzi, mwanafikra wa Kidao wa China wa karne ya 4 kabla ya Kristo. Mkewe alipofariki, rafiki yake Huizi alikwenda kumpa pole akamkuta amekaa chini, anagonga beseni na kuimba. Huizi akamjia juu: mwanamke umeishi naye, amekulelea watoto, amezeeka nawe, kutolia hakutoshi mpaka uimbe? Naona wewe kisa umekiachia hapo. Zhuangzi alimjibu kwamba mkewe alipokata roho, naye aliumia kama mtu yeyote. Baadaye ndipo akawaza kuwa kulikuwa na wakati mke huyo hakuwa na uhai wala umbo. Akapata umbo, akapata uhai, sasa amekufa, kama majira manne yanavyofuatana. Aliumia kwanza. Kuachilia kulikuja baadaye, na kulimtoka ndani.

Kwa hiyo nenda na mkeo nyumbani kwa mama. Kaeni na dada zako mkunje kanga zake, mwacheni kila mmoja asimulie anachokumbuka, nawe usimulie. Machozi yakija yaache, yasipokuja usiyalazimishe. Ila kama hulali, huli, na hakuna kinachokugusa, muone daktari.

Sasa hiyo nyumba. Katika maandishi hayohayo ya Zhuangzi kuna mpishi Ding, aliyetumia kisu kimoja kwa miaka 19, akapasua maelfu ya ng'ombe, na makali yakabaki kama yametoka kwenye kinoo. Alipitisha kisu kwenye nafasi za viungo, hakukata mfupa kwa nguvu. Lakini alipofika penye fundo hakwenda kulala! Alipunguza mwendo, akakaza macho, akasogeza kisu kidogo kidogo mpaka nyama ikaachana. Huko ndiko kutotenda ninakokujua mimi: mtu yupo kazini kwa akili yake yote, ila halazimishi.

Dada zako wamefika penye fundo, nawe umeweka kisu chini. Wapigie leo, uwasikilize bila kuvutia upande wako. Itisheni kikao cha ukoo, mpendekeze msimamizi wa mirathi, muandike muhtasari, kisha mwende mahakamani na muhtasari huo pamoja na cheti cha kifo. Si lazima msimamizi awe wewe. Kama hutaki, sema kikaoni mapema ili wapendekeze mwingine, wasiendelee kukusubiri.