Maonyo ya kompaila kutoka maktaba za wengine: maswali na majibu

Swali: Nimewasha -Wall, -Wextra na -Wconversion (machaguo ya kuongeza maonyo, la mwisho likionya namba inapobadilishwa aina kwa namna inayoweza kupoteza thamani) katika mradi wangu wa C++, na sasa kila ninapoujenga ninapata maonyo mengi kutoka faili za heda za maktaba ambayo sikuiandika mimi. Je, nizime -Wconversion?

Jibu: Usiizime, kwa sababu utajinyima onyo hilo katika msimbo wako, ambao ndio pekee unaoweza kuurekebisha mara moja. Ukitumia kompaila ya GCC au Clang, itaje folda ya heda za maktaba hiyo kwa -isystem badala ya -I. Heda zitakazopatikana humo zitahesabiwa kuwa za mfumo, na karibu maonyo yote yanayotokea ndani yake yatanyamazishwa. Katika CMake, chombo cha kupanga ujenzi wa mradi, ongeza neno SYSTEM ndani ya target_include_directories, na ikiwa maktaba umeipata kwa find_package nayo imejitambulisha kama shabaha ya IMPORTED (iliyoletwa kutoka nje ya mradi), kwa kawaida huna haja ya kuongeza chochote. Waliozoea add_subdirectory, amri ya kuingiza folda nyingine katika ujenzi, wameruhusiwa kuandika SYSTEM hapo tangu toleo la 3.25, jambo ambalo kwa maoni yangu lilichelewa mno. Kumbuka pia kwamba folda za -isystem hutafutwa baada ya zile za -I, kwa hiyo mwenye nakala mbili za maktaba moja anaweza kujikuta ametumia asiyoikusudia.

Swali: Nilifuata ushauri huo na kuweka -isystem /usr/include, lakini kompaila inadai kwamba stdlib.h haipo, ilhali ninaiona.

Jibu: Ondoa mstari huo. Kuanzia GCC 6, heda ya cstdlib huifikia stdlib.h kwa agizo la #include_next, linalotafuta katika folda zinazofuata tu ile iliyomo heda yenyewe. Wewe umeihamisha /usr/include ikatangulia folda za C++, na huko mbele hakuna kilichobaki. Folda hiyo tayari ni ya mfumo.

Swali: Sisi tunaotumia Visual Studio tufanyeje?

Jibu: Tumieni /external:I kutaja folda, pamoja na /external:W0 kuzima maonyo yake. Tangu Visual Studio 2019 toleo la 16.10, machaguo haya hayahitaji tena kuwashwa kama ya majaribio.

Swali: Je, kunyamazisha huku hakuwezi kuficha kosa langu mwenyewe?

Jibu: Kunaweza, hasa penye violezo (templates, msimbo wa jumla unaojazwa aina ya data unapotumika), na hapa ndipo ninapowasihi wasomaji wawe waangalifu. Chukua vekta ya int: ukiiongezea namba kwa push_back(2.7), ubadilishaji wa namba unafanyika katika mstari wako na -Wconversion inakuonya, lakini ukiandika emplace_back(2.7), namba inapita kama ilivyo hadi ndani ya heda ya maktaba, inakatwa huko kuwa 2, na husikii lolote. Kosa ni lako, ila mahali lilipotokea pamehesabiwa kuwa pa mfumo. Watumiaji wa Visual Studio wanaweza kuongeza /external:templates- ili maonyo ya violezo vinavyoundwa kutoka msimbo wao yaonekane tena. Kwa GCC na Clang ipo -Wsystem-headers, inayorudisha maonyo ya heda za mfumo, yenye kelele nyingi kiasi kwamba singeiweka katika ujenzi wa kila siku. Iwekeni katika ujenzi wa pembeni usiotumia -Werror (inayogeuza maonyo kuwa makosa), kisha mpitie yale tu yanayotaja aina za data mlizoziunda wenyewe.

Swali: Heda inayosumbua ni moja tu. Niifungue niirekebishe?

Jibu: Hapana, maana marekebisho hayo yatafutika utakapopandisha toleo, yapeleke kwa watunzaji wa maktaba. Wakati unasubiri, tengeneza heda yako ndogo inayoiita hiyo, ukitanguliza #pragma GCC diagnostic push (kuhifadhi hali ya maonyo) na ignored yenye jina la onyo moja linalokusumbua, kisha umalizie kwa pop (kuirudisha hali hiyo). Ukiisahau pop, onyo hilo litabaki limezimwa katika kila kitu kinachofuata ndani ya faili itakayoiita heda yako.